Simu Zilizonyamaza Shambani

Shamba la Mkonge,
Kilosa,
14 Juni 1998.

Mpendwa Dada Ida,

Shikamoo dada yangu. Habari za Tabora? Na shemeji Donati, kifua kimemwachia? Sisi tunapumua. Mvua hii ya Elinino imetuachia matope na mbu, na mke wangu Tumwagile homa imemtoka juzi tu. Barua hii napiga taipu mwenyewe, kwa hiyo ukikuta herufi zimepandana usinicheke, wajua mdogo wako haoni.

Dada, shamba limeuzwa. Matajiri wapya wameleta swichibodi mpya ya kuunganishia simu, na binti wa kuiendesha wamemtoa Mikumi, alikuwa mapokezi kwenye gesti. Chombo chenyewe kinaonyesha simu kwa taa. Changu cha zamani simu ikiingia kibati kinaanguka, nakisikia, nakipapasa, naunganisha. Miaka kumi na sita nimefanya hivyo.

Nilimwambia meneja kwamba taa kwangu ni bure, na kwamba sheria inataka waajiri wakubwa wawe na walemavu kazini. Akanijibu kwa upole kabisa kuwa wataniagizia chombo cha sauti, kwa sasa nibaki na changu. Nilifurahi, mjinga mimi.

Tangu hapo simu hazikuingia. Wakasema mvua imeangusha nguzo. Wiki ya tatu nikapeleka mkono nyuma ya sanduku la chombo changu. Waya zote zimekatwa na kufungwa utepe vizuri. Kumbe nilikuwa nakaa pale, hedifoni masikioni, mtu mzima nazungumza na ukuta!

Marko yule aliyekatwa mkono na mashine ya mkonge, yeye walimweka getini bila kazi yoyote. Akauliza kwa nini. Siku ya pili vyombo vyake vilikuwa nje kwenye mvua, na hadi leo hatujui kaelekea wapi.

Alhamisi anakuja afisa kazi kuhesabu walemavu. Karani Lukasi alinijia, akanipa maneno ya kusema kwenye hedifoni afisa akiingia, nionekane napokea simu. Kisha akaniinamia sikioni: "Kaka Kasiani, siku hiyo mdomo wako ndio nyumba yako."

Na kuna baya zaidi. Wajua sahihi yangu ni dole gumba. Msimamizi wetu wa zamani alikuwa ananisomea karatasi mpaka mwisho, ndipo ananishika kidole. Lukasi alisema ni karatasi ya mgawo wa mahindi, nami kwa mazoea nikampa kidole bila kusomewa. Tumwagile anafagia ofisi, ameiona mezani. Imeandikwa kwamba mimi Kasiani naomba kwa hiari yangu kuacha kazi na kutoka nyumba ya shamba tarehe kumi na tisa. Ijumaa, dada. Kesho yake.

Kwa hiyo nikinyamaza natoka, nikisema natoka. Nimeamua kusema. Afisa akiingia nitamvalisha hedifoni asikilize mwenyewe, halafu nitamshika mkono nimpeleke nyuma ya sanduku. Naogopa sana, sikufichi. Tumwagile amekataa kuniacha.

Wasalimie shemeji, Mama Paulina na wote wa kanisani. Mungu awafunike.

Barua hii sikuipeleka posta. Aliyekukabidhi ni mwanangu Loveth, tunampandisha treni ya Jumanne na nguo zake zote. Hajui lolote, anadhani amekuja likizo. Usimwambie mpaka usikie kutoka kwetu.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kasiani