Rimu Nyepesi za Baba Goodness

Baba Goodness mpenzi,

Huku Iringa baridi ni kali, ila tuko wazima, na mtoto ameota jino. Nimeamua kukuandikia, maana kwenye simu unaongelea gari tu.

Ulipofunga zile rimu mpya ulijisifu kwamba ni nyepesi, hata mimi naweza kuzibeba, na matairi yake yanang'ang'ania lami kama kupe. Sasa unamtuma fundi Aroni akuletee gari huko Mbeya, wakati wewe mwenyewe hujakanyaga hapa tangu Pasaka!

Mwambie asisumbuke. Gari liko juu ya mawe. Rimu zote nne nimezifungua na kuzibeba mwenyewe, na kweli ni nyepesi. Nimezilaza kitandani, upande wako. Hazikoromi, ila hazina joto.

Mkeo,
Mama Goodness