Bwana Cheche Amepaa

Nakuru, Novemba 1974

Omera, ndugu yangu Ogola,

Sisi wazima, na mimi bado ndiye najua kuvaa suti kuliko wanaume wote wa Nakuru. Lakini nina hasira.

Jana tulijaa dukani kwa Amarjit kutazama mwisho wa ile katuni ya Bwana Cheche, yule anayeruka na shuka la kijani mgongoni. Mimi ndiye nilikuwa natafsiri, Kizungu changu unakijua. Sasa unajua amefanya nini? Ameuaga mji, akasema nyota nyingine inamwita, akapaa! Mdogo wake akabaki chini anapunga mkono kama mjinga. Na watu wakapiga makofi.

Nikapaza sauti, "Makofi ya nini? Kwani nyumbani amemaliza?"

Amarjit akacheka. "Obura, hiyo ni picha tu, bwana. Mbona unalia?"

"Silii! Ni vumbi la duka lako!"

Omera, baba yake mchumba wangu Adero amesema Krismasi ikipita sina nyumba, binti ataolewa na mwalimu wa Rongai. Mabati ninayo, mbao ninazo. Lakini unajua mila yetu: mzee wetu hawezi kuniruhusu kujenga kabla yako wewe mkubwa, na wewe kila mwaka uko Uingereza unasema "mwakani."

Sikukatazi kuruka. Njoo usimamishe nguzo moja tu, nyumba yako nitaimalizia mimi kwa mikono yangu. Halafu upae, na makofi nitaanza mimi.

Mdogo wako aliyeachwa chini,
Obura