Bati Jipya Juu ya Nyumba ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeanza! Fundi kaja na wenzake, ngazi begani. Bati la kwanza liling'oka kama karatasi — kutu tupu, limetoboka kama chujio. Miaka yote hii kuhamisha vitanda na kutega ndoo kila mvua ikinyesha! Basi, yamekwisha.

Mama kagoma kuondoka. Nilimsihi ahamie kwa mama mdogo wiki hii tu. Thubutu! Kaketi sebuleni chini ya mwavuli, vumbi linamwagika kama unga, yeye anakunywa chai. Anasema aliingia humu bi harusi, atatoka amebebwa. Fundi alicheka hadi nyundo ikamponyoka.

Kaka kimya. Alipoleta mtu wa kununua kiwanja ili nyumba ibomolewe, mama alimwambia asikanyage tena mlango huu. Naye kweli hajakanyaga. Mwaka wa pili huu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mabati yote yako chini, na ile boriti kubwa ya katikati imeliwa na mchwa. Fundi kaigonga, ikalia kama debe tupu. Anasema tukipigilia mabati mapya hapo, upepo wa kwanza utatuletea paa kitandani. Boriti mpya imeletwa, iko uani, nzito kama dhambi. Inataka watu. Na mawingu yale — hapana, siyatazami.

Nimemwandikia kaka: boriti imeoza, tunahitaji mabega.

Alhamisi, 6 Machi

Hajajibu. Tumefunga turubai juu ya kitanda cha mama. Anasema amekuwa malkia.

Ijumaa, 7 Machi

Imepanda! Boriti imepanda!

Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba. Kinyozi wa jirani kaja na wateja wake, mmoja kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado! Tukainua. Ilipofika usawa wa madirisha ikakwama. Fundi juu ya ukuta anapiga kelele tusiachie. Ndipo bega likaingia chini ya mti, mbele yangu. Shati jeupe. Tai. Kaka!

Hata salamu hakutoa. "Mnainua kwa mikono? Tieni miguu! Haya — moja, mbili!"

Ikapanda. Ikakaa ukutani kama iliyozaliwa pale. Nilipiga vigelegele hadi koo likakauka.

Ati alikuwa anapita tu. Ofisi yake iko upande wa pili wa mji! Sikumwuliza. Mama alimtazama dirishani, kisha akavuta pazia. Kaka akaondoka bila kuingia ndani.

Jumamosi, 8 Machi

Karudi! Leo na suruali ya kazi. Alikuwa juu na fundi kutwa nzima. Na mimi nikapanda! Misumari miwili ilipinda, wa tatu ukazama barabara. Mama toka chini: "Shuka, mtu mzima wewe!"

Baadaye akanipa kikombe cha chai. "Mpelekee yule fundi mwingine."

Yule fundi mwingine! Kaka aliinywa hukohuko juu, kageukia upande wa barabara tusimwone uso. Jioni bati la mwisho likapigiliwa. Nyumba inang'aa kama sufuria mpya.

Jumapili, 9 Machi

MVUA! Ya radi, mchana kweupe. Nimezunguka vyumba vyote, uso juu kama kuku anayekunywa maji. Hakuna tone. Hata moja! Nimecheza peke yangu ukumbini, sina aibu.

Kaka alikuja kukagua, ikamkuta nje. Kajibanza ukutani, analowa. Mama mwenyewe kafungua mlango. "Umesimama hapo kama mgeni. Ingia."

Kaingia. Kaketi kwenye ncha ya kiti, maji yanamdondoka. Naandika hapahapa, mabati yanaunguruma, tukiongea ni kupayuka. Sasa hivi mama kasema kitu, kwa sauti ndogo, macho juu. Mimi niko karibu, nimesikia: chumba chako kipo, kitanda sikumpa mtu.

Kaka hakusikia. "Nini, mama?"

Mama katazama mabati.

Kaka kanigeukia mimi. "Kasema nini?"

Nimeinamisha kichwa, naandika tu. Simsemei mtu. Aseme mwenyewe.

Kaka kanyanyuka. Anaburuta kiti chake, anakisogeza hadi kwa mama. Kainamisha sikio. Na mvua ndiyo kwanza inaongezeka —