Kengele ya Upande wa Pili

Podgrič, Jumatatu, 12 Februari

Kwako dada yangu Tadeja,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Gothenburg, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Luka kimepungua. Sisi huku tu wazima, ila mguu wangu mmoja umevimba kama mkate uliozidi hamira. Nimeanza barua hii mara nne nikaichana. Hii siichani.

Tulia kwanza: baba mzima. Yuko jikoni anamenya viazi huku akigombana na redio.

Unakumbuka ulivyonijibu kuhusu ile nyumba ya wazee ya mjini. Ulisema hutii saini fomu yao mpaka uhakikishe kwamba baba hawezi tena kukaa peke yake, maana kumtoa mtu kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake si mchezo. Nilikasirika, Tadeja. Nikasema moyoni, yeye yuko mbali, kwake maneno ni rahisi. Anayepigiwa simu na majirani kwamba birika limeungua tena ni mimi. Basi nikaamua kutafuta ushahidi.

Mlima wetu Grič mwaka huu hauna theluji, ni matope matupu, na kamba yenye viti vya kupandishia watelezaji imefungwa tangu Krismasi. Baba alikuwa akizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwambia Jumamosi twende tukateleze kwenye theluji ya Belovrh, mlima ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Alifurahi mpaka nikaona haya. Lakini mimi nilikuwa na hesabu zangu: mahali asipopajua, akili yake ingejionyesha yenyewe. Nikanunua kidaftari.

Kufika saa nne asubuhi, kidaftari kilikuwa na mambo sita. Aliniita Tadeja mara mbili. Alivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Alimwomba muuza tiketi bei ya wafanyakazi wa reli, na wewe unajua amestaafu lini! Kisha akasimama mbele ya ramani ya mlima mpaka foleni ikaanza kununa, na kijana mmoja akamuuliza, mzee, unasoma au unasali? Baba akamjibu kwamba kwa mlima huu mtu afanye vyote viwili. Watu wakacheka. Akanigeukia akaniambia jambo, mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikaendelea kuandika.

Kule juu nilimwambia atangulie, tukutane kwenye kibanda cha tiketi. Nilibaki nyuma makusudi nimwone atakavyopotea. Alishuka kwa mtindo wake uleule wa zamani, magoti pamoja, miaka sabini na minane, na vijana kwenye viti vya kamba wakampigia makofi. Nilitaka kupiga na mimi. Halafu ukungu ukashuka, nikawa sioni hata ncha za mbao zangu za kutelezea.

Unajua tulivyolelewa. Ukungu ukiingia Grič, simama, funga mdomo, ngoja kengele ya kanisa ya saa sita, kisha ifuate mpaka chini kijijini. Kengele ikalia. Nikasema, kwa vyovyote baba ameifuata hiyo. Nikaifuata na mimi, nikimwita kwa sauti yote. Nilishuka, nikashuka, mpaka nikatambua kwamba hakuna nguzo, hakuna kamba, hakuna mtu, ni misonobari tu. Nikaanguka. Ubao mmoja ukaenda zake, mguu ukapinda, simu haikushika mtandao. Nilikaa chini ya mti saa mbili nzima nikilia kama mtoto, nikijua nimemuua baba yetu kwa ajili ya kidaftari cha senti tisini. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hilo nililielewa pale, makalio yakiwa kwenye theluji.

Waliponifikia waokoaji wawili, mmoja wao, Rado, jitu la ndevu, aliniuliza, dada, wewe ndiye mtu wa kengele? Akanieleza kwamba mzee mmoja aliingia ofisini kwao akagonga meza. Aliwaambia binti yake amechelewa, na hakika amefuata kengele kwa kuwa ndivyo alivyomlea. Ila kanisa la Belovrh liko nyuma ya mlima, ameliona kwenye ramani. Alimwambia binti hilo asubuhi, ila binti alikuwa anaandika. Wao walikuwa wameshajipanga kunitafuta upande wa kamba, akawakatalia katakata: nendeni bonde la upande wa pili.

Kule ofisini kwao baba alinifunika koti lake, akanipa supu ya shayiri, akangoja nimalize. Ndipo akasema: “Haya, Jerica, andika na hili kwenye kidaftari chako.” Aliniita kwa jina langu.

Sikufichi, baada ya hapo hakukumbuka gari lilipo. Tulilitafuta pamoja, mimi nikichechemea, yeye akinishika. Anasahau, Tadeja, na atazidi kusahau. Lakini kunitafuta hakusahau.

Sasa neno lililonifanya nichane karatasi nne. Ile fomu niliipeleka wiki iliyopita, kabla ya Belovrh, kabla ya ushahidi wowote. Ina saini mbili. Ya pili niliiandika mimi, nikiiga ile herufi T yako yenye mkia. Chumba kimetengwa kuanzia tarehe mosi, na baba hajui. Kesho asubuhi naenda kuwaambia nimeghushi, wanifanye watakavyo. Kidaftari nimekitia jikoni motoni, baba akiangalia.

Usinisamehe haraka. Ila uje, hata kwa siku tatu, tuamue naye akiwa mezani, si nyuma ya mgongo wake.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba anawasalimu sana, na anauliza kama huko kwenu kengele iko upande wa mlima unaofaa.

Ni mimi mdogo wako,
Jerica

Saini hii ni yangu mwenyewe.