Kofia ya Pama Sokoni Nyakoe

Mjukuu wangu Kerubo,

Huku Kebirigo sote tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama uache kuvaa kofia yako ya pama, ile ya ukingo mpana, kwa sababu watu usiowajua wanakucheka huko Nairobi. Nimekasirika, si kwako, bali kwao.

Nikiwa msichana nilivaa pama ya marehemu baba yangu sokoni Nyakoe, nikiuza ndizi. Mwanamume mmoja, ambaye hata jina langu hakulijua, aliinyakua kichwani akaitupa matopeni.

"Hiyo ni ya wanaume! Wewe ni nani?"

Watu wakacheka, hata akina mama niliouza nao. Niliiokota, nikaivaa na matope yake.

"Mimi ni binti wa mwenyewe," nikamjibu. "Na wewe ni nani wake?"

Akaenda zake. Niliuza ndizi mpaka zikaisha, matope yakinichuruzika shingoni.

Wewe vaa yako. Mimi hadi leo sielewi kofia kichwani mwangu ilimpunguzia nini yule bwana.

Nyanya yako akupendaye,
Moraa