Bibi Yako na Swali la Ngazi

Mwanza

Mpwa wangu Zaituni,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Goti la mama yako linaendeleaje? Mananasi yameiva huko Kinole? Sisi tupo. Mimi ulinzi ule ule, na ghala la samaki halifunguliwi bila mimi, waulize wenyewe.

Sasa habari ya bibi yako hapa hospitalini, na umsomee mama yako polepole, maana yeye alitaka nimrudishe nyumbani bila kuguswa. Kinachomtoa damu ni saratani ya utumbo. Daktari, binti mdogo ila ametulia, alisema wakiukata uvimbe anaweza kupona. Lakini kwa umri ule moyo unaweza kushindwa mezani, au akatoka salama nguvu zisirudi tena, akawa wa kulishwa na kuogeshwa. Wasipokata, utumbo unaweza kuziba, na maumivu yake si ya kuhadithia.

Akauliza, "Nyumbani anapanda ngazi?"

Kwetu mjomba ndiye msemaji wa ukoo, basi nikadakia. Ngazi? Nikamwambia huyu ni Mluguru, juzi tu kapanda mlima na tenga la ndizi kichwani, vijana wakabaki nyuma wanahema. Daktari akaanza kuandika.

"Mwanangu, usiandike hayo," bibi yako akasema. "Huyu hata kilio chake cha kuzaliwa kilikuwa na chumvi. Tangu masika yaliyopita, nikienda chooni napumzika njiani."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema afadhali amejua, dawa ya usingizi haidanganyiki. Wakampima moyo upya, upasuaji ukasogezwa mbele. Kwanza aongezwe damu, ale mayai na dagaa, atembee kila asubuhi na mimi. Namshinda kwa mbali, ila namsubiri. Hatari itapungua, haitaisha.

"Na nikiamka sijiwezi?" akauliza.

"Inawezekana, bibi."

Akasema, "Nimeogesha wengi. Na mimi wataniogesha. Nikateni."

Wasalimie mama yako na baba yako, shemeji yangu fundi cherehani, na yule jirani mkunga aliyetuchangia nauli.

Barua hii nimemsomea bibi yako. Ameniamuru nifute pale nilipoandika kwamba haogopi. Nimefuta. Anaogopa, na amekubali.

Ni mimi, mjomba wako,
Shomari