Mfupa Umepimwa, Unatosha

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. U mzima? Magoti yanasemaje? Mimi mwili haujambo, ila roho imechafuka. Jana nilimshikia taa daktari wangu akimchungulia mzee mmoja tuliyempandikizia meno mwaka jana. Skrubu ilitoka yenyewe, usaha ukafuata, na harufu ambayo sabuni imeshindwa kuitoa mikononi. Taya lake ni jembamba. Ilipaswa kwanza aongezewe mfupa, tungoje miezi ushike, ndipo tutoboe. Daktari hana subira hiyo. Akamwambia, "Hupigi mswaki vizuri." Mzee akaomba radhi!

Kwa hiyo lile wazo la kuja kuwekewa meno hapa, lifute. Huna meno ya chini mwaka wa kumi na mbili huu, na taya tupu hupungua. Vaa yale yako ya bandia.

Mwanao

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika kama kawaida yake.

Hayo ya bandia vaa wewe! Juzi nilicheka mbele ya wageni, ya chini yakaruka yakatua kwenye bakuli la mchuzi. Shangazi yako mpaka leo akiniona anafunika sahani. Nimechoka kucheka na mkono mdomoni. Halafu si wewe ndiye msaidizi wake? Atathubutu kumharibu mama yako?

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Nilikuja Jumanne, siku yako ya mapumziko, nikitaka kukushtukiza na meno mapya. Daktari wako alinikalisha kitini, akanionyesha picha ya "taya langu". Ina magego manne chini. Mimi chini ni kibogoyo! Nikamuuliza, haya ya nani? Akacheka, eti picha ni mfano tu, vipimo viko kwenye fomu.

Akaileta. Jina langu halijaandikwa, mdomo sijafungua, na tayari: "Mfupa umepimwa, unatosha." Chini yake sahihi yako, ile ya mkia mrefu uliyojifunzia kwenye meza yangu ya jikoni. Mezani kwake kulikuwa na rundo zima, zote umeshazitia sahihi.

Niliinuka na kitambaa chao shingoni, nikatoka nacho mpaka barabarani. Nimekuonea kinyaa, mwanangu. Sijui neno jingine.

Mama yako

Tarehe 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hali sikuulizi, sina uso huo.

Ni kweli. Kila Jumatatu kabla ya chai nilitia sahihi fomu tupu, ili vipimo visitucheleweshe. Nilijiambia ni karatasi tu. Hata sahihi kwenye fomu ya yule mzee ni yangu, nami nikakuandikia kama mpita njia.

Nimeacha kazi. Fomu zilizobaki nimezipeleka kwa wakaguzi wa leseni, na barua ya kukiri. Sasa nawaendea wagonjwa nyumbani kwao, mmoja mmoja, niwaambie wakapimwe kwingine.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Mdomo wake wa chini umekufa ganzi tangu tulipomtoboa. Nilipomaliza kueleza, alinitemea mate. Mengine yalimchuruzika kidevuni na hakuyasikia. Nikashindwa kumwambia ajifute.

Wamebaki thelathini na wanane. Usinijibu mpaka niwamalize.

Mwanao